Mwanzi wa Usa River: Wabeba mifuko minne ya simenti, wafa kwa msumari mmoja!

Abiria wa mabasi yanayotoka Dar kwenda Arusha wana tabia moja. Wakishapita njia panda ya KIA wanaamka, wanajinyoosha, wanafuta macho na kuanza kuutafuta Mlima Meru dirishani. Kikatiti inapita, Maji ya Chai inapita, Usa River nayo inapita, na mtu hajashusha hata mguu mmoja. Kwa wengi Usa River ni mahali pa kumwambia jamaa kwa simu, "Nimeshafika, nisubiri stendi."

Msomaji wangu, wanakosa uhondo. Mji huu mdogo uko kilometa zipatazo 20 kabla ya Arusha, na ndio makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Meru. Una mashamba ya maua yanayopelekwa Ulaya kwa ndege, una kahawa chini ya vivuli, una migomba isiyohesabika. Maji yanateremka kutoka mlimani hata wakati wa kiangazi. Njia ya kwenda Momela na Hifadhi ya Taifa ya Arusha inachepuka maeneo hayo hayo. Asubuhi kuna kibaridi cha kumfanya mtoto wa Dar aulize sweta linauzwa wapi.

Lakini safari hii sikwenda kuangalia twiga. Nilikwenda kuangalia mianzi. Usicheke!

Rafiki yangu mmoja, mzaliwa wa huko, alinipigia simu. Mama yake ni mwalimu mstaafu, na uani kwake anafundisha watoto wa chekechea thelathini na kitu. Kwa muda mrefu darasa lao lilikuwa chini ya mti. Mvua ikinyesha, hakuna shule. Sasa mama amekusanya senti zake, amepata na michango ya wazazi, anataka kujenga darasa moja la maana. Tatizo ni kwamba mafundi wawili wamemgawa kichwa. Mmoja anasema mianzi itamwokoa na gharama ya nondo. Mwingine anasema mianzi iende kwenye paa, ila kwenye zege isiguse kabisa. "Njoo uone mwenyewe, maana huku kumekuwa bunge," akaniambia.

Nikadandia Hiace pale Arusha. Kimandolu, Ngulelo, Tengeru, Makumira, halafu konda akapiga bodi: "Usa hao, shuka!"

MIANZI YA JUU NA MIANZI YA CHINI

Mama Mwalimu alinipokea kwa kikombe cha chai ya maziwa ambacho nusura kinishinde kumaliza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kunywa kwanza, mafundi wanakuja. Leo hapa kitaeleweka."

Nyuma ya nyumba, kando ya mfereji, kulikuwa na mashina ya mianzi ya njano, minene kama paja la mtoto. Hiyo ndiyo mianzi iliyozoeleka bondeni, ya kupandwa. Asili yake ni Asia, lakini imeshakuwa mwenyeji. Mianzi ya asili ya Meru iko juu, kwenye msitu wa baridi, na haifiki unene huo. Na hapa kuna jambo la kuwatania jirani zetu wa Moshi: Meru ina ukanda wa mianzi, Mlima Kenya unao, Aberdare nao wanao, lakini Kilimanjaro pamoja na ukubwa wake wote karibu haina. Ila ile ya mlimani iko hifadhini. Ukiingia na panga lako kuikata utalala ndani, kwa hiyo anayetaka kujenga na apande yake.

Tusisahau kwamba mwanzi si mti. Ni nyasi, ndugu wa damu wa mahindi, ngano na miwa. Mti unanenepa kila mwaka, lakini mwanzi unachomoza ardhini ukiwa na unene wake wa maisha. Unapaa mpaka urefu wake wote kwa miezi michache tu, kisha miaka inayofuata unakomaa kwa ndani bila kuongezeka hata kidogo. Ndiyo maana ni rahisi kutapeliwa. Mwanzi wa mwaka mmoja na wa miaka minne unaweza kulingana unene na urefu kama mapacha, lakini mmoja ni kijiti cha maji na mwingine ni nguzo. Samaki mkunje angali mbichi, lakini mwanzi mkate ukishakomaa, yaani kuanzia miaka 3 hadi 5.

"Utaujuaje?" nikamuuliza fundi wa pili, mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu. Yeye ndiye aliyekuwa upande wa paa.

"Mchanga unang'aa, mwanangu, na chini bado una maganda yake. Mkubwa umefubaa, umeota madoa ya ukungu, ukiugonga unalia kwa sauti kavu. Huu hapa ni mtu mzima," akasema huku akiugonga kwa kifundo cha kidole.

MIFUKO MINNE JUU YA FIMBO

Fundi wa kwanza, kijana mwenye maneno ya haraka haraka, alikuwa anatabasamu. Mzee hakutaka mabishano ya mdomo. Akapanga tofali nguzo mbili, akaziachanisha meta 3, akalaza juu yake mwanzi mkavu wenye kipenyo cha sentimeta 10 hivi. Katikati akafunga kamba na ubao kama bembea.

"Leteni simenti."

Mfuko wa kwanza, kilo 50, ukapanda. Mwanzi kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu ukapinda kidogo. Ulipopanda wa nne, majirani walikuwa wameshajaa uani, na mimi nimerudi nyuma hatua mbili, maana mtu na usalama wake. Kilo 200 zinaning'inia kwenye jani la nyasi! Mwanzi ulikuwa umepinda kiasi cha upana wa vidole viwili, basi. Walipoishusha mifuko, ukarudi ulivyokuwa, kama mtu aliyeinama kufunga kamba ya kiatu.

Watoto wakapiga makofi. Mama Mwalimu akavaa miwani yake aangalie kama kuna ufa. Hakuna.

Siri yake ni nini? Kwanza ni bomba. Kitu kinapopinda, upande wa juu unabanwa na wa chini unavutwa, na katikati hakuna kazi kubwa. Mwanzi umeacha katikati pawe wazi, nyama yote ukaipeleka pembeni kwenye kazi. Pili, hata kwenye ukuta wake nyuzi hazikugawanywa sawasawa. Zimesongamana upande wa nje, karibu na ganda lile linalong'aa, na kwa ndani zinapungua. Fundi anayekwangua ganda ili nguzo ipendeze anatupa sehemu iliyo ngumu kuliko zote. Tatu ni yale mafundo. Kila fundo lina ukuta wa ndani unaozuia bomba lisibonyee kama mrija wa soda.

Kwa wanaopenda hesabu: chukua kipande cha ukuta wa mwanzi uliokomaa, ukubwa wa sentimeta 1 kwa sentimeta 1, ukivute kwa urefu wa nyuzi zake. Aina nzuri inastahimili kilo 1,000 hadi 2,000 kabla ya kukatika. Ukikikandamiza, kilo 400 hadi 800. Chuma cha kawaida huanza kunyong'onyea kwenye kilo 2,500 hivi. Sasa kumbuka kwamba chuma kina uzito zaidi ya mara 10 ya mwanzi. Kilo kwa kilo, nyasi inamzidi bwana mkubwa. Ndipo ulipoanzia ule msemo kwamba mwanzi ni "chuma cha walalahoi".

Fundi kijana akachangamka. "Mnaona? Nilisema mimi! Sasa kwa nini mama ateketeze hela za nondo wakati nondo zinaota hapo mtoni bure?"

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Na mimi, kusema kweli, hoja ilinikaa.

MSUMARI WA INCHI NNE

Mzee hakujibu. Akachukua kipande kingine cha mwanzi ule ule, akakisimamisha, akachomoa msumari wa inchi nne mfukoni, akaupigilia karibu na ncha. Pigo la kwanza, la pili, la tatu... pwaa! Ufa ukakimbia kutoka kwenye ncha mpaka kwenye fundo. Akaupigilia wa pili upande mwingine, kipande kikafunguka kama ganda la karanga.

"Huo ndio uliobeba mifuko minne," akasema. "Umeuawa na msumari mmoja."

Uani pakawa kimya.

Nyuzi zote za mwanzi zimelala kwa urefu, kama mashabiki waliopanga foleni ya tiketi. Hakuna hata moja iliyovuka kwenda upande wa pili kuwashikilia wenzake. Ukiuvuta kwa urefu ni simba, ila ukiupanua kwa upana nguvu yake haifiki hata sehemu ya ishirini ya ile ya mwanzo. Kwa hiyo nyumba ya mianzi haianguki kwa sababu mwanzi umekatika katikati. Inaanguka kwenye kiungo, pale fundi mvivu alipotumia nyundo badala ya keke.

Dawa yake inajulikana. Unatoboa kwa keke, unapitisha bolti, na unahakikisha kila kiungo kiko karibu na fundo. Simón Vélez, msanifu majengo wa Colombia, ndiye aliyeipa sifa njia ya kujaza udongo wa simenti ndani ya pingili yenye bolti, kiungo kikawa kama ngumi. Alipotakiwa kujenga banda kubwa la mianzi kwenye maonyesho ya dunia ya Hannover, Ujerumani, mwaka 2000, wenyeji hawakukubali hivi hivi. Ikabidi kwanza lijengwe banda la ukubwa ule ule huko Manizales, Colombia, lipimwe kwa mizigo, ndipo ruhusa ikatoka. Kumbe hata wenye mitambo yao walitaka kuona mifuko ikipandishwa!

Mzee alikuwa na kielelezo cha tatu. Akaenda kwenye banda la kuku, akachomoa mwanzi mmoja wa zamani, akaugonga. Unga wa njano ukamwagika kama sembe. Akauvunja kwa goti.

"Huu nao ulikuwa mzima. Haukupewa dawa. Bungua wamekula, mchwa wakamalizia."

Ndani ya mwanzi kuna wanga, ule wa kwenye chakula, si wale wa usiku, na ndio wadudu wanaoufuata. Wazee wengi walilaza mianzi kwenye maji yanayotembea kwa wiki kadhaa ili wanga utoke. Siku hizi inalowekwa kwenye mchanganyiko wa boraksi na asidi ya boriki, kisha inakaushwa kivulini. Hata hivyo dawa hiyo inaoshwa na mvua. Ndiyo maana wajenzi wa mianzi wanasema nyumba yake ivae kofia na viatu: paa lenye mapana ya kutosha juu, na msingi wa mawe chini, mwanzi usiguse udongo.

Nchi hii inalijua somo hilo. Katika miaka ya 1970 na 1980, wizara iliyoshughulikia maji ilikuwa na mradi wa kulaza mabomba ya mianzi mkoani Iringa. Vijiji vilikunywa maji yaliyopita ndani ya mianzi, mingine imezungushiwa waya ili istahimili msukumo. Mwanzi uliweza kazi, ila vita kubwa ilikuwa dhidi ya kuoza na mchwa. Na shirika la kimataifa la mianzi, INBAR, lenye makao yake Beijing, lilipoanzishwa mwaka 1997, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 9 waasisi. Kwa hiyo sisi si wageni wa hadithi hii, ingawa wengi wetu mwanzi tunaukumbuka zaidi tukisikia ulanzi.

NONDO YA KUOTA MTONI

Tukarudi kwenye ubishi wenyewe: lenta. Fundi kijana alitaka mianzi iliyopasuliwa ilazwe ndani ya zege juu ya milango na madirisha, zege likimwagwa isionekane tena. Hiyo "isionekane tena" ndiyo iliyomtia wasiwasi Mama Mwalimu.

Wazo lenyewe si la jana. Chuo cha Clemson, kule South Carolina, Marekani, kilichapisha majaribio yake ya zege lenye mianzi mwaka 1950. Shida iliyojitokeza ni ile ile inayowasumbua wengine mpaka leo. Zege bichi lina maji, mwanzi unayanywa, unavimba na unaweza kulipasua zege. Baadaye zege linakauka, mwanzi nao unakauka na kunywea, nafasi inabaki kati yao. Nondo ina mikwaruzo na inang'ang'ania zege, mwanzi unateleza kama mguu mdogo ndani ya buti la kuazima. Zaidi ya hapo chuma ni kigumu kupinda mara 10 hadi 20 kuliko mwanzi, kwa hiyo zege litakuwa limeshapata nyufa kabla mwanzi haujaanza kufanya kazi. Na ukioza humo ndani, nani atauona?

Kuna watakaosema, ah, darasa moja tu la chini, lina shida gani? Ngoja nikukumbushe tunaishi wapi. Mlima Meru ni volkano, iliyolipuka mara ya mwisho mwaka 1910. Tuko pembeni ya Bonde la Ufa. Julai 2007, ardhi ilitikisika siku kadhaa kule upande wa Gelai na Ol Doinyo Lengai. Tetemeko kubwa kuliko yote hayo, la tarehe 17, lilifikia kipimo cha 5.9 na kusikika mpaka Nairobi. Tarehe 10 Septemba 2016 ikaja zamu ya Kagera, kipimo kile kile cha 5.9. Watu zaidi ya 15 walipoteza maisha na nyumba nyingi za tofali zilianguka. Tofali bila lenta ya kweli ni kama vitabu vilivyopangwa mezani. Sukuma meza uone.

Na hapo hapo mwanzi unarudi na sifa yake, ila kwenye nafasi yake. Tetemeko linautafuta uzito, na paa jepesi linaloweza kunesa bila kukatika lina nafuu kubwa. Costa Rica ilipopigwa Aprili 1991, nyumba zipatazo 20 za mianzi zilizokuwa karibu na kitovu cha tetemeko zilibaki zimesimama. Colombia nayo, baada ya mji wa Armenia kubomolewa Januari 1999, iliingiza mwanzi wake kwenye sheria za ujenzi. Leo kuna mpaka kanuni za kimataifa za majengo ya mianzi, ISO 22156, zilizotoka mwaka 2004 na kupitiwa upya mwaka 2021. Mhandisi anayezifuata hachukui ile nguvu yote ya mifuko minne. Anatumia sehemu yake ndogo tu, inayobaki anaiweka akiba kwa siku mbaya.

MAMA AMESEMA

Mama Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kigoda muda wote huo, anasikiliza kama anavyowasikiliza watoto wakisoma a, e, i, o, u. Akamgeukia fundi kijana.

"Mwanangu, ukiniwekea mianzi kwenye lenta, wewe utaleta mtoto wako akae chini yake?"

Kijana akacheka, akajikuna kichwa. "Mama nawe... mimi nilikuwa natafuta unafuu tu."

"Unafuu nautaka. Lakini hawa ni watoto wa watu."

Basi bunge likafungwa. Lenta itafungwa kwa nondo za chuma, hata kama darasa litapungua urefu. Ramani ataionyesha kwanza kwa mhandisi wa halmashauri. Kenchi zitakuwa za mianzi ya mtoni kwake, iliyokomaa tu, kwa keke na bolti, na pingili za viungo zijazwe simenti. Paa litoke nje ya ukuta meta nzima.

Bei ya uamuzi huo ni muda. Mianzi ikatwe, ilowekwe, ikauke, na kukauka peke yake ni wiki nyingi kwa baridi ya Usa. Wazazi walikuwa wameahidiwa darasa Januari. Mzee wa kofia ya sufu alisema bila kumumunya maneno kwamba kabla ya Juni asidanganywe mtu. Ina maana masika yote watoto wataendelea kufukuzwa na mvua chini ya mti. Mmoja wa akinamama waliokuja kuangalia akanung'unika kwamba mwanaye atamaliza chekechea kabla hajaliona hilo darasa. Mama Mwalimu hakumkatalia. Alimwambia tu mvua inalowesha na jua linakausha, lakini paa likishuka hakuna wa kulipandisha.

Na wewe msomaji unayepanga kujenga kibanda, mgahawa au hata banda la kuku, usiende kwa fundi na kelele za "mwanzi una nguvu kuliko chuma". Muulize mambo manne: umekatwa na umri gani, umepewa dawa gani, utaungwa kwa nini, na mvua itaupatia wapi. Akikujibu yote, mpe kazi. Akianza kutafuta misumari mfukoni, mpe nauli arudi kwao.

Ukipita Usa River, shuka. Hiace za kwenda mjini hazikauki, na kile kikombe cha chai ya maziwa kinakusubiri. Ila nenda na njaa.